Mlio wa pikipiki Lubero: kutoka chukudu hadi bomba la moshi lililokatwa

LUBERO – Jioni, kwenye mteremko wa barabara ya kitaifa namba 2, mlio mmoja mkali wa ghafla unatosha kunyamazisha nyumba nzima. Familia iliyohama Kanyabayonga au Kayna haiulizi kwanza. Mama anavuta watoto ndani, baba anazima taa, wote wanasikiliza. Dakika moja baadaye pikipiki inapita, kijana juu yake, bomba la moshi limekatwa. Haikuwa risasi.

Visa kama hivi si vya kuchekesha kwa mtu aliyekimbia mara mbili au tatu. Lakini mlio huo una historia yake, na historia hiyo ni ndefu kuliko vita ya sasa.

Kwanza, majina. Kabla ya pikipiki kujaa njiani, mzigo wa Kivu ya Kaskazini ulibebwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na injini wala pedali, inayoshuka mlima na viazi, makaa na mbao. Wengi husema jina lake linatokana na mlio wake juu ya mawe. Pikipiki nayo ilipewa jina kwa njia hiyo hiyo: watu walisikia injini ikisema piki-piki-piki, wakaiita hivyo. Kwenye pwani wengine waliiita tukutuku. Basi watu wa upande huu walizitambua mashine hizi kwa sikio.

Huko Ulaya, wakati pikipiki zilikuwa bado changa, kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilianza mwaka 1905 kuuza pikipiki yenye silinda nne. Silinda nyingi zilipunguza mtetemeko, mlio ukawa laini. Katika Kongo, jina la FN lilijulikana zaidi kwa bunduki. Kiwanda kimoja kilitengeneza vyote viwili, pikipiki na bunduki, na leo sikio la mkaaji wa Lubero linalazimika kutenganisha sauti za vitu hivyo viwili.

Kwa nini pikipiki nyingine hulia sawasawa na nyingine hulia kama mtu anayechechemea? Jibu liko ndani ya injini. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda hulipuka mara moja kila mhimili unapozunguka mara mbili. BMW ilipotoa R32 mwaka 1923, iliweka silinda mbili zinazotazamana, moja kushoto na moja kulia, na milipuko yake ikapishana kwa nafasi sawa. Harley-Davidson ya Marekani ilichukua njia nyingine. Silinda zake mbili zimeinamiana kwa pembe ya digrii 45 na zinatumia kiungo kimoja cha mhimili. Kati ya mlipuko wa kwanza na wa pili mhimili unazunguka digrii 315. Kabla ya mlipuko unaofuata, digrii 405. Ndiyo sababu mlio wake unaruka-ruka. Huo si ugonjwa, injini imeundwa hivyo.

Ugonjwa ni pale mwenye pikipiki ya silinda mbili anapobadilisha mabomba, moja likawa refu na jingine fupi, au moja likatoboka. Hapo kila silinda inatoa sauti yake. Pia inaweza kuwa buji moja imechoka, au silinda moja inapata esansi nyingi kuliko nyingine. Makanika wa zamani husogeza mkono karibu na kila bomba, bila kuligusa, apime nguvu ya moshi kabla ya kufungua chochote.

Lakini njia za Lubero hazikujengwa na silinda mbili. Baada ya vita vya miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, magari yalikuwa machache na barabara mbaya. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao walikuwa wamezoea safari za Dubai na China, walileta pikipiki ndogo kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Zilikuwa za Kichina, kisha za Kihindi kama TVS na Bajaj Boxer, zote silinda moja. Jina la Boxer huwachanganya wengine, kwa kuwa huko Ulaya neno hilo ni la injini za silinda zinazotazamana kama za BMW. Boxer ya Butembo ina silinda moja tu, na haina mwenzake wa kugombana naye. Injini yake ikizunguka mara 1.500 kwa dakika, inalipuka mara 750. Mlio wake ukipotea hatua, makanika anajua kuna kasoro: buji, supape, au karbirateri.

Hapa mlima nao una neno. Beni iko mita kama 1.100 juu ya bahari, Butembo kama 1.700, na Lubero iko juu zaidi. Hewa ya huku juu ni nyepesi, karibu sehemu moja kwa tano chini ya ile ya baharini. Pikipiki ambayo karbirateri yake ilipangwa Beni, ikipanda Lubero inakunywa esansi nyingi kuliko hewa. Moshi unakuwa mweusi, buji inajaa masizi, mlio unakuwa mzito na wa kukatika-katika. Motari mgeni husema injini imekufa, makanika wa mlimani anageuza parafujo kidogo na safari inaendelea.

Tatizo jipya ni la vijana wanaokata bomba na kuondoa sehemu ya ndani inayopunguza sauti. Wanasema pikipiki inapata nguvu. Kwa injini ndogo, kinachoongezeka zaidi ni kelele. Wakishuka mlima na kuachia gesi, esansi ambayo haikuungua inaingia kwenye bomba la moto, inakutana na hewa na kulipuka huko. Wengine huzima kontakti na kuiwasha tena makusudi, ili ipige «paa!». Furaha ya kijana mmoja inakuwa hofu ya kata nzima.

Na hofu hiyo ina tarehe. Tangu Oktoba 2014, wakaaji wa Beni wameishi na mauaji ya ADF. Mwishoni mwa Juni 2024 M23 iliingia Kanyabayonga, kisha Kayna na Kirumba, na maelfu wakapanda kuelekea Lubero, Butembo na Beni. Desemba 2024 mapigano yalifika Alimbongo. Katika siku hizo pikipiki ndiyo iliyookoa: ilibeba godoro, mbuzi, mgonjwa, mama na watoto watatu. Waliobaki nyuma walisikiliza mlio wake ukirudi juu, wakijua kuna nafasi ya safari nyingine.

Ndiyo maana mlio wa pikipiki huku ni habari. Mara kwa mara viongozi wa Beni na Butembo wamewekea pikipiki mpaka wa saa za jioni, na inayopita usiku husikilizwa na kila mtu. Ikilia sawasawa, watu husema labda ni mama mjamzito anapelekwa hospitali, wanarudi kulala. Ikilipuka, wanatafuta viatu gizani, na aliyeondoka nyumbani na nguo moja anajiandaa kuondoka tena.

Dawa yake haina gharama kubwa. Bomba lililotoboka linachomelewa, kiungo chake na injini kinafungwa vizuri, karbirateri inapangwa kufuatana na mlima, na sehemu ya kupunguza sauti inarudishwa. Garaji yoyote ya Lubero inaiweza kazi hiyo. Motari atapata injini yenye afya, na esansi yake haitapotea bure. Familia zilizolala chini ya paa la watu wengine zitasikia tena piki-piki-piki ya zamani, na usiku huo watoto hawataamshwa.