Makatapela ya Rungwe

Tabibu amwusiapo mgonjwa wa moyo ale pistashio, njugu ambazo Waarabu huziita fustuq, humwusia kitu ambacho ardhi ya Rungwe haitakizaa kamwe, kwa maana mti ule hutaka kiangazi kikavu cha Uajemi na Sham, ilhali Tukuyu, mji wa huko Rungwe, hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nasaha yenyewe si batili: mwaka 2003 serikali ya Marekani iliwaruhusu wauzaji wa njugu, pistashio zikiwamo, waandike ya kuwa gramu 42 kwa siku huenda zikapunguza hatari ya maradhi ya moyo. Lakini mafuta yanayosifiwa humo, yale ya asidi ya oleiki, ndiyo yaliyojaa katika parachichi, tunda ambalo Wanyakyusa wamelila nyuma ya nyumba zao vizazi kadhaa wakiliita katapela.

Hata hivyo tunda hili ni mgeni, maana asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Msafiri Joseph Thomson alipoipita nchi hii mwaka 1879 alistaajabia migomba, na Wamoravian walioanzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa kiongozi wao, waliwakuta watu wa ndizi, maharage na maziwa. Jinsi katapela lilivyofika, nadhani jina lenyewe ni shahidi. Waingereza hulitaja tunda hilo kwa maneno mawili, avocado pear. Ukiyatamka kwa haraka, kisha ukayatia katika ulimi wa Kibantu, hupati neno jingine ila hilo, na majirani zetu wa Zambia nao husema kotapela. Basi hata kama mti ulitangulia zamani za Wadachi, ambao dola yao iliondoka Tukuyu mwaka 1916, jina lililodumu limetoka kwa waliowafuatia.

Kwa miaka mingi tunda hili halikuwa na thamani sokoni. Watoto walilila kwa chumvi, wakubwa wakalipaka juu ya ndizi za kuchemsha, na yaliyodondoka yakaliwa na nguruwe. Wala hapakuwa na mtu aliyehesabu kuwa ile ndiyo siha ambayo matajiri wa mbali huinunua kwa fedha nyingi.

Karne hii imekuja Hass, mbegu ya Rudolf Hass, mtumishi wa posta wa California aliyepata hataza ya mti wake mwaka 1935, nayo hubebeshwa juu ya shina la mparachichi wa kienyeji. Hass huchumwa likiwa gumu, likapakiwa kwenda Ulaya, na kuiva kwake hushuhudiwa na mlaji aliye ng'ambo. Fedha itokanayo na Hass ni halali, nami naifurahia kwa dhati. Bali nawasihi wakulima wa Rungwe, mnapotayarisha mashamba ya Hass, msiikate yote ile mikatapela ya uani: bakizeni walau mmoja kwa ajili ya sahani za watoto wenu.