Dini ya Kihindu katika filamu: kutoka kumbi za sinema hadi vibanda vya Nakivale

Filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa India ilikuwa ya kidini. Raja Harishchandra, aliyoionyesha Dadasaheb Phalke mjini Bombay mwaka 1913, ni kisa cha mfalme aliyekubali kupoteza ufalme na jamaa zake kuliko kuvunja ahadi. Tangu hapo filamu za miungu hazikukoma. Jai Santoshi Maa ya mwaka 1975, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, iliwafanya watazamaji wavue viatu ukumbini kama walioingia hekaluni, na mungu wa kike ambaye wengi walikuwa hawamjui akapata waumini wengi. Kwa Wahindu kuiona sura ya mungu ni sehemu ya ibada. Kwa hiyo filamu ya namna hiyo ni ushahidi wa dini yenyewe, wala haifai kudharauliwa na msomi kwa kuwa ni ya biashara.

Nchini Uganda, filamu hizo zilitegemea Waasia wenye asili ya Bara Hindi, ambao maduka yao yalienea hadi Mbarara. Kampala ilikuwa na kumbi kama Odeon, Delite na Norman. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, kisha akawapa siku 90. Pamoja nao waliondoka watazamaji waliozijua hadithi hizo tangu utotoni. Jengo la Norman baadaye likawa kanisa.

Kisha zikaja televisheni na kaseti za video. Tamthilia ya Ramayan ya Ramanand Sagar, iliyorushwa na televisheni ya taifa ya India mwaka 1987 na 1988, ilitazamwa na familia zilizoivika televisheni mashada ya maua. Mahabharat ya B. R. Chopra iliifuata, na aliyeiandika, Rahi Masoom Raza, alikuwa Mwislamu.

Vibanda vya video vya Uganda vikazaa mfasiri wa filamu, VJ, anayeweka sauti yake juu ya mazungumzo. Vibanda hivyo vipo hata Nakivale; makazi hayo ya wakimbizi wilayani Isingiro, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda, leo yana Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili kinawaunganisha wengi wao. Kwa mtazamaji asiyejua Kihindi, sauti ya VJ ndiyo inayobeba maana. Hufuata mapenzi, ugomvi na kisasi. Sala na nyimbo za ibada hupita kwa urahisi bila maelezo. Anayetaka kujifunza dini lazima atafute pia nakala isiyofasiriwa.

Filamu za kitaaluma nazo zina kasoro zake. Altar of Fire ya Robert Gardner na Frits Staal, iliyotoka mwaka 1976, inaonyesha kafara ya moto ya siku 12 iliyofanywa Kerala mwaka uliotangulia. Ni hazina kubwa, lakini wageni walisaidia kuigharamia kafara hiyo, jambo lililozua ubishi. Forest of Bliss, aliyoitoa Gardner mwaka 1986, inaonyesha mazishi ya Benares bila msimulizi wala maandishi ya tafsiri, na mtazamaji asiye na mwalimu huachwa gizani. Raam Ke Naam ya Anand Patwardhan, ya mwaka 1992, inahusu mgogoro wa Wahindu na Waislamu juu ya msikiti wa Ayodhya, kabla haujabomolewa Desemba mwaka huo. Mwongozaji huyo ameiweka YouTube, kwa hiyo mwanafunzi wa Mbarara anaweza kuitazama kwa simu.