Shamba Lililo Ndani ya Msitu wa Amani

Jina rasmi la msitu huu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, na neno "asilia" limestahili, kwani milima ya Usambara Mashariki ina mimea na wanyama wasioonekana kwingine duniani. Hata hivyo neno hilo linafunika nusu ya historia. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo, ikapanda kwa majaribio mikwinini, mipira, mikafuri, midalasini na mamia ya aina nyingine kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo walowezi walikwishafyeka msitu wapande kahawa, ikawashinda, maana udongo ule ukishavuliwa miti huishiwa rutuba upesi. Njia za miguu za hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997, basi, zinapita pia ndani ya shamba la zamani. Na hifadhi hii haitatunzwa ipasavyo mpaka shamba hilo likiriwe.

Ushahidi ulio wazi ni msizi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii. Uliletwa Amani kama mti wa kupandwa. Ukataji wa magogo ulipofungua mianya msituni katika miaka ya 1970 na 1980, hondohondo walikula matunda ya msizi na kusambaza mbegu, nao ukashika nafasi ya miti ya kale. Asiyejua historia ya shamba atausifu msizi kuwa ndio msitu wenyewe. Anayeijua anaweza kutaka ung'olewe wote, neno "asilia" litimie. Lakini kuangusha misizi mikubwa kwa pamoja ni kufungua tena mianya ileile inayoustawisha.

Wapo watakaosema kwamba kulikumbuka shamba ni kumtukuza mkoloni. Pingamizi hili lina uchungu wa haki, ila linalenga pasipo. Majina ya wakurugenzi wa taasisi ile yamo vitabuni, hayahitaji msaada wetu. Waliofyeka, waliobeba miche na kuchonga njia kwenye miteremko ni vibarua Waafrika, ambao kumbukumbu yao kubwa iliyobaki ni kazi yenyewe. Tukilifuta shamba tunawafuta wao kwanza. Kibao kimoja chini ya msizi, kikieleza ulikotoka na mikono iliyoupanda, kingemfunza mpita njia kwamba msitu huu umewahi kujeruhiwa, na kwamba kidonda bado kinahitaji muuguzi.