Safari Tour (gofu)

Safari Tour ni mfululizo wa mashindano ya gofu ya kulipwa ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 2017 na Kenya Open Golf Limited, kampuni inayoandaa Kenya Open. Msimu wake ulianza katika nusu ya pili ya mwaka, ukavuka sikukuu za Desemba na kufungwa muda mfupi kabla ya Kenya Open, ambayo kwa kawaida huchezwa Februari au Machi. Ulikutanisha wachezaji wa Kenya na wenzao kutoka Uganda, Tanzania, Rwanda, Zimbabwe na nchi nyingine za Afrika. Lengo lake kuu lilikuwa kuchagua wachezaji wa nyumbani watakaoingia Kenya Open, na kuhakikisha wanafika huko wakiwa wameshazoea ushindani wa siku kadhaa mfululizo.

Mzunguko uliotangulia

Jina la Safari lilikuwa limetumika katika gofu miongo kadhaa kabla ya hapo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Safari Circuit ilikuwa msururu wa mashindano ya Afrika yaliyochezwa mwanzoni mwa mwaka, wakati viwanja vya Ulaya vingali vimefungwa na baridi. Wachezaji wa Uingereza, Ireland na Uhispania walishuka kusini kusaka fedha na mazoezi, wakipita Nigeria, Kenya na Zambia, na baadaye Ivory Coast na Zimbabwe.

Msimu wa mwaka 1978 unaonyesha ubora wa mzunguko huo. Sandy Lyle wa Scotland alitwaa Nigerian Open, na Severiano Ballesteros wa Uhispania akashinda Kenya Open. Mwaka uliofuata Ballesteros alikuwa bingwa wa The Open ya Uingereza. Lyle naye alilitwaa taji hilohilo mwaka 1985. Katika Nigerian Open ya mwaka 1981, Mwingereza Peter Tupling alimaliza mashimo 72 kwa mikwaju 255, rekodi ya dunia ya wakati huo. Ian Woosnam wa Wales alishinda Kenya Open mwaka 1986, miaka mitano kabla ya kutwaa Masters ya Marekani.

Mzunguko ule ulipitia Afrika, lakini haukujengwa kwa ajili ya wachezaji wa Afrika. Mwaka 1991 Kenya Open iliingizwa katika Challenge Tour, ngazi ya pili ya gofu ya Ulaya. Tangu ilipoanza mwaka 1967 hadi ya mwaka 2025, hakuna Mkenya aliyeshinda taji hilo. Aliyelikaribia zaidi ni Jacob Okello, aliyeshindwa na Ricardo González wa Argentina katika mashimo ya ziada mwaka 1998.

Kuanzishwa

Pengo hilo liligeuka suala la dharura Kenya Open ilipokuwa ikijiandaa kupanda daraja. Mwaka 2019 ilijiunga na European Tour, zawadi zake zikafika euro milioni 1.1, na Guido Migliozzi wa Italia akashinda katika uwanja wa Karen. Wenyeji walihifadhiwa nafasi kadhaa katika orodha ya washiriki. Hata hivyo, mchezaji aliyeshindana mara chache kwa mwaka katika mashindano mafupi ya klabu hakuwa na maandalizi ya kukabiliana na watu wanaocheza karibu kila wiki. Safari Tour ilibuniwa kumpa kalenda, wapinzani wa kudumu na njia ya wazi ya kuipata nafasi yake. Professional Golfers of Kenya, chama cha wachezaji wa kulipwa, kilikuwa mshirika wa karibu kwa kuwa washindani wengi walikuwa wanachama wake.

Jinsi msimu ulivyochezwa

Msimu uligawanywa katika mikondo, kila mmoja katika klabu tofauti. Mkondo ulikuwa na raundi tatu au nne, yaani mashimo 54 au 72. Baada ya raundi za mwanzo palikuwa na mchujo: waliobaki waliendelea kuwania fedha, walioachwa walirudi nyumbani mikono mitupu. Mara nyingi mkondo ulitanguliwa na siku ya kucheza pamoja na wadhamini na wanachama wa klabu. Raundi nyingi zilipangwa katikati ya juma, kwa sababu viwanja ni mali ya wanachama na wao huvitaka Jumamosi na Jumapili.

Matokeo ya mikondo yalijumlishwa katika orodha ya ubora, na orodha hiyo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa msimu. Mshindi wa mkondo mmoja aliondoka na hundi, lakini tiketi ya Kenya Open ilimwendea aliyefanya vyema mkondo baada ya mkondo. Mchezaji aliyemaliza kila mara miongoni mwa kumi bora angeweza kumpita aliyeshinda mara moja na kuchujwa mara tatu. Kwa hiyo katika mikondo ya mwisho macho ya wengi yalikuwa zaidi kwenye mstari wa nafasi za Kenya Open kuliko kwenye kombe.

Viwanja na Bonde la Ufa la kati

Kitovu cha mzunguko kilikuwa Nairobi na viunga vyake, penye klabu kama Muthaiga, Karen, Royal Nairobi, Sigona, Limuru na Thika Greens. Pwani, Vipingo Ridge katika Kaunti ya Kilifi ina uwanja wa Baobab uliosanifiwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, bingwa wa Kenya Open mwaka 1989.

Bonde la Ufa la kati linaingia katika hesabu hii kupitia Kaunti ya Nakuru. Great Rift Valley Lodge, kwenye miteremko ya Eburru juu ya Ziwa Naivasha, ina mashimo 18, na Jastas Madoya alijulikana kwenye Safari Tour kama mchezaji wa uwanja huo. Klabu ya gofu ya Nakuru ina mashimo 18. Njoro na Gilgil zina viwanja vidogo vya mashimo tisa, ambavyo huzungukwa mara mbili ili kukamilisha raundi. Kwa mchezaji anayeishi mtaa kama Section 58, mashariki mwa jiji la Nakuru, mazoezi yako karibu, ila sehemu kubwa ya msimu iko kilomita 160 hivi kusini-mashariki, upande wa Nairobi.

Mwinuko huathiri sana uchaguzi wa fimbo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Eburru iko juu zaidi. Hewa nyepesi haiuzuii mpira sana, hivyo mkwaju unaokwenda mita 150 Mombasa unaweza kukaribia mita 160 Nakuru. Aliyezoea bonde anaposhuka pwani hukuta mipira yake ikianguka kabla ya grini, na wa pwani anapopanda huipitisha. Viwanja vya nyanda za juu pia vimejaa nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni Afrika Mashariki yenyewe. Majani yake mazito huumeza mpira uliotoka njiani na kulazimu mkwaju wa nguvu bila umbali wa maana. Mchezaji makini huziepuka kwa kutanguliza usahihi badala ya nguvu.

Wachezaji na mapato

Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya waliingia gofu kupitia kazi ya ukedi, wakibeba mifuko ya wanachama na kujifunza kwa kutazama. Miongoni mwa majina yaliyoonekana mara kwa mara kwenye Safari Tour ni Dismas Indiza wa Mumias, Greg Snow, Simon Ngige, David Wakhu na Madoya. Kutoka nje walikuja Robson Chinhoi wa Zimbabwe, Phillip Kasozi na Ronald Rugumayo wa Uganda, na Nuru Mollel wa Tanzania. Uwepo wao uliwanyima wenyeji ushindi kadhaa, lakini uliinua kiwango cha alama zilizohitajika kupita mchujo.

Zawadi za mkondo mmoja zilikuwa takriban shilingi milioni moja, zikagawanywa kwa wote waliopita mchujo. Kwa kulinganisha, euro milioni 1.1 za Kenya Open ya mwaka 2019 zilizidi shilingi milioni 120. Kutoka kwenye mgawo wake mchezaji alilipia nauli, malazi, chakula, mipira na kedi wake. Aliyemaliza chini kabisa ya orodha ya walipwaji angeweza kutumia fedha nyingi kuliko alizopata, na ndiyo maana wengi waliendelea kufundisha wanachama klabuni kati ya mkondo na mkondo. Mafunzo hayo ndiyo yaliyogharamia msimu.

Janga la korona na mrithi wa Safari Tour

Kenya Open ya Machi 2020 iliahirishwa kwa sababu ya korona. Iliporudi Machi 2021, Karen iliandaa mashindano mawili mfululizo: Kenya Open, iliyotwaliwa na Justin Harding, na Kenya Savannah Classic, iliyokwenda kwa Daniel van Tonder. Wote wawili ni wa Afrika Kusini, nchi ambayo mzunguko wake wa Sunshine Tour umewapa wachezaji wake msimu kamili wa nyumbani kwa miongo mingi.

Mwaka 2024 wazo la Safari Tour liliunganishwa na mzunguko huo wa kusini, pale Sunshine Development Tour ilipofungua tawi la Afrika Mashariki. Mabadiliko hayo yalipanua lengo la msimu. Chini ya Safari Tour, zawadi kubwa kwa mchezaji wa Nakuru ilikuwa wiki moja ya Kenya Open. Chini ya mfumo mpya, matokeo ya nyumbani yanaweza kumfungulia mlango wa Sunshine Tour yenyewe, yaani mwaka mzima wa kazi.