Karafuu na Gego la Mwisho: Historia ya Dawa na Mpaka Wake

Magego ya mwisho, ambayo wengi huyaita meno ya akili, kwa kawaida huota mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 17 na 25, taya likiwa limekwisha kukomaa na nafasi imebaki finyu. Gego likikosa pa kupita huchomoza nusu, nusu nyingine ikabaki chini ya ufizi. Mabaki ya chakula hujificha humo, mswaki haufiki, na ufizi huvimba hata kutunga usaha. Maumivu hupanda sikioni na kushuka shingoni, na kinywa hugoma kufunguka. Kwa mateso hayo watu wa mwambao wamezoea kusukutua maji ya chumvi na kubana punje ya karafuu kwenye gego. Kuhusu karafuu hiyo pamezuka kambi mbili: moja inaidharau kuwa ni imani ya wazee, nyingine inaitukuza kuwa inatosha bila hospitali. Historia inazikatalia kambi zote mbili. Karafuu ni dawa ya kweli ya maumivu, lakini haijawahi kuwa dawa ya ugonjwa unaoyaleta.

Tuanze na ilikotoka. Kwao mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na sifa yake kinywani ni ya kale: maofisa wa utawala wa Han nchini China, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, waliweka karafuu mdomoni ili pumzi zao zinukie mbele ya mfalme. Waholanzi waliuhodhi mti huo kwa ukali mpaka Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa kupata miche na kuifikisha Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, akahimiza upandaji, na karne ilipofika katikati Zanzibar ilikuwa ikiongoza dunia kwa karafuu. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika uongozi. Waliopanda na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa waliotolewa bara. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Kazi yao ilitaka uangalifu mkubwa. Karafuu huchumwa ingali tumba, inapoanza kuwa nyekundu kabla ua halijafunguka. Huchambuliwa kutoka kwenye makonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa mpaka igeuke kahawia na kuvunjika ikibanwa kwa vidole. Ua likifunguka, karafuu hupungukiwa na mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoifanya dawa.

Anayesema kuwa hiyo ni imani tu ajibiwe kwa ushahidi wa maabara na wa kliniki. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo eujeno, ambayo hutuliza mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu na pia huzuia baadhi ya vijidudu. Tangu karne ya 19 madaktari wa meno wamechanganya eujeno na unga wa oksidi ya zinki kupata saruji laini ya kuzibia jino kwa muda, na mchanganyiko huo ungali unatumika. Ushahidi mzito zaidi unatokana na gego la mwisho lenyewe. Baada ya kung'olewa, hasa la chini, mara nyingine bonge la damu linalopaswa kufunika tundu hutoka mapema na mfupa hubaki wazi. Maumivu yake ni makali kuliko ya awali. Daktari huliosha tundu hilo, na mara nyingi hulifunika kwa kitambaa au dawa yenye eujeno. Kwa hiyo mgonjwa aliyekimbia karafuu ya nyumbani anaweza kukutana nayo tena kwenye kiti cha daktari.

Anayeitukuza naye ana hoja ya kujibiwa. Atasema wazee waliishi bila daktari wa meno, na kwamba kliniki ni mbali na ghali. Ni kweli kwamba umbali na gharama ni vikwazo halisi, na serikali zetu zina deni hapo. Lakini kuishi kwa wazee si ushahidi kwamba wote walipona. Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza uvimbe wa chini ya taya unaoweza kuziba njia ya hewa na kuua. Leo tunajua kuwa mara nyingi chanzo chake ni gego la chini lililooza au kuambukizwa. Walichokosa wazee ni kujua chanzo na kuwa na njia salama ya kukiondoa. Imani kwamba mdudu hutafuna jino ilidumu kwa maelfu ya miaka tangu Mesopotamia, mpaka Mfaransa Pierre Fauchard alipoikanusha katika kitabu chake cha mwaka 1728. Mwaka 1846 etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston kama dawa ya kumlaza mgonjwa, na aliyeitoa, William Morton, alikuwa daktari wa meno. Mwaka 1928 Alexander Fleming akagundua penisilini. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo karafuu ingeweza kulifanya.

Basi tuipe karafuu heshima inayoistahili na tusiipe zaidi. Gego likianza kuuma usiku, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, ubane punje ya karafuu, na usimimine mafuta yake makali kwenye ufizi kwani huunguza. Mtoto mdogo asipewe kabisa, maana akiyameza yanaweza kumdhuru ini. Ukiona homa, uvimbe chini ya taya, au ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo.