Mzimu wa Kuku wa Pond Square

Mzimu huu husimuliwa Highgate, London: kuku aliyenyonyolewa nusu, anayezungukazunguka katika uwanja wa Pond Square akitetea na kutetemeka kwa baridi, kisha hutoweka bila kumdhuru mtu. Chimbuko lake ni kitabuni. John Aubrey aliandika, kwa maneno aliyoyapata kwa Thomas Hobbes, kwamba mwanafalsafa Francis Bacon alinunua kuku kwa mwanamke maskini, akamwambia amtoe matumbo, wakamjaza theluji kuona kama nyama itakaa bila kuoza. Bacon akashikwa na baridi, akafa tarehe 9 Aprili 1626.

Watetezi wa mzimu husema barua ya mwisho ya Bacon inathibitisha kisa. Ni kweli inataja jaribio la kuhifadhi miili, tena lililofaulu vizuri. Lakini kuku hayumo, wala theluji. Wengine hutegemea mashahidi wa karne ya 20 wanaoafikiana, ilhali mtu aliyekwisha kusikia kisa huona anachokitazamia. Na Aubrey hasemi popote kwamba kuku yule alirudi.