Malkia mpole wa nyuki hutoka mizingani mwa mfugaji mwenyewe

Nyuki wa Kenya, hasa wale wa nyanda waitwao scutellata, wana sifa ya ukali. Hata hivyo, kuagiza malkia wapole kutoka ng'ambo ni kujitakia balaa, kwani magonjwa huweza kuandamana nao. Brazil iliingiza malkia wa Afrika mwaka 1956. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, na uzao wao hatimaye ukafika Marekani.

Mizinga haifanani. Mfugaji achague kundi linalotulia wakati wa kurina na kujaza masega msimu baada ya msimu. Atoe humo sega lenye mayai na mabuu wachanga, pamoja na nyuki waliolifunika, pasipo malkia, aliweke katika mzinga mwingine. Vibarua watalea malkia mpya, ambaye hutoka siku ya 16 tangu yai litagwe.

Kikwazo ni madume. Malkia hupandwa angani na madume kumi au zaidi, wakiwemo wa jirani mwenye nyuki wakali. Afadhali majirani wachague pamoja. Mabadiliko huonekana miezi miwili hivi baada ya malkia kuanza kutaga, vibarua wa zamani wakishakufa.